Barua ya wazi kwa wenye hoteli ya mkabala na kituo

Kwa Wamiliki, Mkurugenzi na Meneja Mkuu

YAH: CHUMBA NAMBA 314, USIKU TATU

Ndugu zangu,

Hii ni barua ya pili. Ya kwanza niliwaandikia faragha, kurasa mbili, siku moja baada ya mimi kuondoka hapo kwenu. Mkanijibu upesi, na kwa hilo nawashukuru, maana wengi hawajibu kabisa. Jibu lenu lilikuwa na sentensi sita. Nilizihesabu. Katika sentensi hizo sita neno "eneo" limetokea mara tatu: mnafurahi kwamba nilivutiwa na eneo lenu, eneo lenu ndilo fahari yenu, na mnatumaini safari ijayo nitalichagua tena eneo hilohilo. Neno "dirisha", ambalo ndilo lililonifanya nikae chini niandike, halimo. "Mlango" halimo. "Samahani" limo, ila limefungwa kamba na "iwapo": samahani iwapo kuna jambo ambalo halikuniridhisha.

Kwa hiyo naandika tena, safari hii hadharani. Jina la hoteli silitaji. Ninyi mnajijua, na yupo mfanyakazi wenu mmoja nitakayemgusia huko mbele ambaye nisingependa apate taabu kwa sababu yangu.

Nianze na haki yenu. Eneo ni zuri kweli. Nilishuka kwenye treni saa mbili kasorobo usiku, nikavuka barabara moja penye taa, na begi langu likawa sakafuni mwa mapokezi kabla sijamaliza kusoma ujumbe mmoja wa simu. Ukumbi wa mkutano nilioujia ni dakika tisa kwa miguu. Kwa mtu wa kazi yangu hiyo ni neema. Mimi ni mkalimani wa mikutano. Nakaa kwenye kibanda cha vioo na mwenzangu, tunapokezana kila baada ya nusu saa hivi, kwa sababu akili haiwezi kusikiliza lugha moja na kusema nyingine kwa wakati uleule kwa muda mrefu bila kuanza kuteleza. Siku ya kazi mimi ni masikio na usingizi, basi. Ndiyo maana nikaja kwenu badala ya kwenda ile hoteli ya nje ya mji iliyokuwa nafuu zaidi: nilikuwa nanunua dakika arobaini za kulala kila asubuhi. Niliyelipa ni mimi, lakini dakika zile sikuziona.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Mapokezi yenu yanang'aa. Marumaru, maua mabichi, taa ya kuning'inia yenye vioo vingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lifti ikifunguka ghorofa ya tatu, ni nchi nyingine. Zulia la korido limelika katikati mpaka nyuzi zinaonekana, kama kinjia cha mbuzi kinachokata shamba. Hilo pekee lisingenifanya niandike. Zulia halilii usiku.

Dirisha la 314 linatazama barabara, na ng'ambo ya barabara ni reli. Ni dirisha la vioo viwili, aina nzuri. Aliyeliweka hakuwa bahili. Shida ni ule mpira wa kuzibia pembeni. Umekauka, umepasuka vipandevipande kama ganda la chungwa lililosahauliwa juani, na upande wa kushoto, kwa urefu wa kiganja, haupo kabisa. Treni ikiingia kituoni fremu inatetemeka, ta-ta-ta-ta, halafu kimya, halafu inaanza tena pale mtu anapokuwa ameanza kusinzia. Nikaamka nilibane kwa mkono. Ndipo nilipoona karatasi.

Palikuwa na kabari ya karatasi kati ya fremu na ukuta. Nikaivuta. Haikuwa karatasi moja. Ya nje ilikuwa tiketi ya treni iliyokunjwa mara nne. Nyuma yake risiti, wino umefifia haisomeki. Nyuma yake kipande cha kadi yenu wenyewe, ile ya kuning'iniza kwenye kitasa, na neno "usisumbue" limekatikia katikati. Nyuma yake ubavu wa pakiti ya dawa ya kichwa. Jumla vipande saba, kimoja juu ya kingine, vimewekwa na watu ambao hawakuwahi kuonana, kila mmoja akiongeza chake pale cha mwenzake kilipolegea. Nilivirudisha vyote kwa mpangilio uleule niliovikuta nao. Sijui kwa nini nilijali mpangilio. Nadhani niliona haya kuharibu kazi ya watu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele, linashauri kwamba ndani ya chumba cha kulala usiku kelele ya mfululizo isizidi desibeli 30, na mshindo wa mara mojamoja usizidi 45. Programu ya simu yangu, ambayo najua si chombo cha maabara, ilisoma 61 saa tisa usiku, gari la taka lilipokuwa likimeza mapipa ya jirani. Na desibeli hazina hesabu ya vidole: zikiongezeka 10 tu, sikio linaona sauti imekuwa kama maradufu. Mnaweza kubisha kwamba simu yangu inadanganya. Sawa, ipunguzieni 10. Bado. Sauti ina tabia ya maji, hutafuta palipo wazi, na kioo kinene kilichoachiwa mwanya pembeni kinafanya kazi ya ndoo iliyotoboka.

Saa tisa na robo nilishuka mapokezi. Mhudumu wa zamu ya usiku alikuwa peke yake. Sijasema neno, nimesimama tu na kandambili zangu na nywele zilizosimama, akaniuliza:

"Tatu moja nne?"

"Ndiyo."

"Pole sana."

Akafungua droo. Ndani yake mlikuwa na sanduku, na ndani ya sanduku viziba masikio, jozi kwa jozi, kila jozi kwenye mfuko wake wa plastiki. Si jozi tano wala kumi. Mamia. Akanipa jozi mbili. "Ni bure," akasema, kama anayenipa habari njema.

Nimeifikiria ile droo kuliko kitu kingine chochote cha safari ile. Sanduku la viziba masikio halinunuliwi na kijana wa zamu ya usiku. Huombwa kwa fomu. Mtu huipitisha ile fomu, mhasibu hulipa, stoo hupokea na kutia saini. Maana yake ipo karatasi ofisini kwenu, yenye sahihi ya mkubwa, inayokiri kwamba wageni wenu hawalali. Mlikaa, mkalitambua tatizo, mkalitafutia bajeti, na bajeti ile ikaenda kuziba masikio yetu badala ya dirisha lenu. Mngekuwa hamjui ningewaonea huruma.

Akachukua kitabu cha zamu, akaandika. Kusoma maandishi kichwa chini ni ugonjwa wa watu wa kazi yetu, mnisamehe. Ukurasa ule mmoja uliokuwa wazi mbele yangu ulikuwa na "314 dirisha" mara nne, miandiko tofauti. Mmoja alikuwa ameandika "314 dirisha (tena)". Hiyo "tena" ndani ya mabano ndiyo ripoti fupi kuliko zote nilizowahi kusoma kuhusu uongozi wa hoteli.

Nikamuuliza kama anaweza kunihamisha. Akaangalia kompyuta. Vyumba viwili vya upande wa nyuma vilikuwa vitupu, akaniambia bila kuficha, lakini ni vya daraja la juu, na yeye hana ruhusa ya kumhamishia mgeni huko bila idhini ya meneja. Meneja anaingia saa tatu asubuhi. Mimi kazini naingia saa mbili na nusu. Tukatazamana. Akasema pole tena. Kwa hesabu yangu aliomba radhi mara nne usiku ule, kwa niaba ya watu waliokuwa wamelala.

Huyu ndiye niliyesema nisingependa apate taabu. Msimtafute. Hakunionyesha kitabu, nilikiiba kwa macho, na mkikifungua mtaona kwamba kila zamu inaandika jambo lilelile. Kama kuna wa kuulizwa, ni anayepaswa kukisoma asubuhi.

Asubuhi ile, kwenye kibanda, msemaji alisema kumi na tano nami nikatoa hamsini. Mwenzangu akanisogezea karatasi yenye namba, nikasahihisha, mkutano ukaendelea. Hakuna aliyekufa. Lakini kwa mkalimani namba ni kama chumvi kwa mpishi: anayekosea mara moja, watu huanza kuonja kila kitu chake kwa wasiwasi. Kutwa nzima mwenzangu aliniandikia namba hata zile ambazo nilizisikia vizuri.

Wakati wa mapumziko ya mchana nilirudi hotelini, nikamkuta meneja. Ni mtu mstaarabu, simsemi vibaya. Alinisikiliza akiwa amesimama, mikono nyuma, akatikisa kichwa panapostahili. Kisha akasema neno ambalo nadhani ndilo mnaloambiana hata ninyi kwa ninyi vikaoni: "Unajua, sisi tuko katikati ya mji. Kelele kidogo hazikosi." Vyumba vya nyuma, akasema, vimeshashikwa kwa usiku ule. Fundi ataletwa.

Na fundi kweli aliletwa. Nilirudi jioni nikakuta juu ya meza kikaratasi: "Dirisha limeshughulikiwa." Nikaenda kuangalia. Juu ya mpira uliopasuka palikuwa pamebandikwa utepe mpana wa kufungia maboksi, kutoka juu hadi chini, na zile karatasi saba zilikuwa bado pale pale, sasa zimefunikwa. Kwenye saa saba usiku utepe ulianza kubanduka wenyewe kwa juu, taratibu, ukitoa sauti kama ya mtu anayefungua zawadi gizani.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sipambani na uzembe wa kawaida. Kila mtu kwenu anafanya kitu: mhudumu anaandika, stoo inanunua, fundi anabandika, meneja anatikisa kichwa. Ila hakuna anayelazimika kumaliza, kwa sababu kesho saa mbili kasorobo usiku treni nyingine itashusha mwingine mwenye begi, ambaye hajui. Hoteli ya ufukweni ikimkera mgeni inampoteza mtu aliyekuwa na nia ya kurudi kila likizo. Ninyi mnapokea watu wa usiku mmoja, wawili, watatu. Tunakuja na usingizi wetu, tunaondoka na hasira zetu, na chumba kinajaa vilevile. Kizuri chajiuza, nanyi mnacho kizuri kimoja kinachojiuza mchana na usiku: kituo. Lakini kituo hamkukijenga ninyi. Reli hamkuitandika. Barabara yenye taa niliyoivuka si yenu. Vilivyo vyenu katika biashara hii ni kitanda, bomba, bawaba na mpira wa dirisha, na ndivyo mlivyoviacha vikafa.

Mkidhani anwani haimwangushi mtu, liko jengo moja London ningependa mlitembelee mkipata nafasi. Pale St Pancras, mwaka 1873, ilifunguliwa hoteli iliyoitwa Midland Grand, kazi ya msanifu George Gilbert Scott. Haikuwa karibu na kituo. Ilikuwa ni sehemu ya kituo, imeshikamana nacho ukuta kwa ukuta. Ngazi zake watu bado wanakwenda kuzipiga picha. Kama eneo lingekuwa linatosha, ile ingekuwa wazi siku zote. Lakini ilijengwa zama ambazo maji ya kuoga yalibebwa na watumishi hadi chumbani, na vyumba vyake havikuwa na bafu zao. Hoteli nyingine zikaanza kuweka mabomba. Kuligeuza jengo lile lenye sakafu nene kukawa shida na gharama, na wageni wakawa wanashuka kwenye treni, wanapita mbele ya mlango wake, wanakwenda kulala pengine. Mwaka 1935 ikafungwa. Ikageuzwa ofisi za reli. Treni hazikuacha kuja hata siku moja. Kilichoacha kuja ni wageni. Ilipofunguliwa tena kama hoteli mwaka 2011, ilikuwa imepita miaka 76.

Na wakati ile ya London inazeeka, ng'ambo ya bahari, katika mji wa Buffalo huko Marekani, Ellsworth Statler alifungua hoteli yake mwaka 1908 ambayo kila chumba kilikuwa na bafu lake. Hakufanya hivyo kwa huruma, alikuwa mfanyabiashara macho makavu. Aliyapanga mabafu mgongo kwa mgongo, ili vyumba viwili vitumie njia moja ya mabomba na gharama ishuke. Halafu akafikiria hata jambo la kipuuzi kama swichi: akaiweka kando ya mlango, mgeni asipapase gizani. Nimemkumbuka Statler kila usiku wa tatu zangu, kwa sababu swichi ya taa ya kitandani katika 314 iko nyuma ya kabati. Si kando ya kabati. Nyuma. Mtu fulani alilihamisha kabati, akaona swichi inafunikwa, akaendelea na kazi yake. Kuizima taa unapaswa kuingiza mkono hadi kiwiko katika upenyo wenye vumbi, kama mtu anayemzalisha ng'ombe.

Sasa nina jambo ambalo si la mzaha, nalo ndilo lililonisukuma kuiandika barua hii hadharani kuliko dirisha.

Mlango wa ngazi ya dharura ghorofa ya tatu umeandikwa kwa herufi nyekundu kwamba usiachwe wazi. Kwa siku zote tatu ulikuwa wazi, umezuiliwa na mtungi wa kuzimia moto. Yaani chombo kimoja cha usalama kimepewa kazi ya kukilemaza kingine. Nilikiondoa mara mbili, nikakirudisha kwenye ndoana yake ukutani. Mara mbili nilikikuta kimerudi mlangoni. Naelewa anayekiweka. Ni wadada wa usafi, wanasukuma mkokoteni wa mashuka, mlango ni mzito, na hakuna aliyewapa njia nyingine. Njia ipo: kuna sumaku za kuushikilia mlango wazi, ambazo huuachia ujifunge wenyewe king'ora kinapolia. Wasifokewe wao. Zinunuliwe hizo.

Mwaka 1946, mwezi Desemba, hoteli ya Winecoff katikati ya jiji la Atlanta iliwaka usiku watu wamelala. Ilikuwa imejitangaza kuwa haishiki moto kamwe, na kwa maana fulani ilikuwa kweli, maana jengo lenyewe lilibaki limesimama. Lakini ngazi ilikuwa moja tu kwa ghorofa zote 15, na haikukingwa kwa milango ya kuzuia moto, hivyo moshi na miali vikapanda kwa njia ileile ambayo watu walipaswa kushukia. Walikufa watu 119. Ile nayo ilikuwa na anwani nzuri. Mlango wenu, tofauti na wao, mnao. Mmeulipia tayari. Kinachotakiwa ni ufungwe.

Mengine nayapitia haraka. Maji ya kuoga yalichukua dakika kumi na moja kupata uvuguvugu, na hapo ndipo yalipokomea. Hilo mnaweza kuliona ni suala la starehe, lakini muulizeni fundi wenu wa mabomba kuhusu bakteria wa Legionella, ambao walipata jina lao kutokana na wanajeshi wastaafu wa chama cha American Legion cha Marekani waliougua baada ya mkutano wao katika hoteli moja ya Philadelphia mwaka 1976. Waliokufa hawakupungua 29. Safari ile chanzo kilichoshukiwa kilikuwa mitambo ya kupoza hewa, si bomba la kuogea. Lakini bakteria hao hustawi pia kwenye mabomba yenye maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, ndiyo maana mafundi husema tangi la maji moto likae kwenye 60. Sisemi maji yenu yana kitu. Nasema joto lake ni lile wanalolipenda, na kwamba ni vema mtu mwenye kipimajoto apite.

Bafuni kulikuwa na kadi nzuri ya kijani ikiniomba niokoe sayari kwa kutumia taulo moja siku zote tatu. Kiyoyozi cha chumba hichohicho hakizimiki. Swichi yake inazunguka bure. Mwaka 1986 mwanamazingira wa Marekani, Jay Westerveld, alizicheka kadi za namna hiyo mpaka akazitungia neno la Kiingereza, "greenwashing", na neno hilo sasa linatumika dunia nzima kwa kampuni zinazojipaka rangi ya kijani usoni. Miaka inapita, kadi bado zipo. Nilitumia taulo moja. Nilihisi mjinga, lakini nilitumia.

Kifungua kinywa hakikuwa na neno. Mayai yalikuwa ya moto na mama aliyekuwa akiyakaanga alinikumbuka siku ya pili. Mpandisheni mshahara.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenu jembe lilinifika mkononi usiku wa tatu, na sikungoja kupewa. Niliubandua utepe wa fundi ukiwa umeshaning'inia, nikazitoa zile karatasi saba, nikachukua ratiba ya mkutano, ile yenye jalada gumu, nikaikunja vizuri na kuigonga ndani kwa kisigino cha kiatu. Kisha nikazirudisha saba za wenzangu juu yake. Nikalala kwa muda wa saa nne mfululizo, usingizi mrefu kuliko wowote niliopata chini ya paa lenu, na niliutengeneza mwenyewe.

Ninachoomba si kikubwa. Mmoja wenu, mmiliki hasa, alale 314 usiku wa katikati ya wiki, bila kuwaambia wafanyakazi ni nani na bila kufungua ile droo. Naamini asubuhi yake nisingekuwa na haja ya kuandika mengine. Lakini kwa kuwa najua hamtalala, basi mhudumu wa usiku apewe ruhusa ya kuhamisha mgeni. Mtu mnayemwamini kulinda jengo zima na kabati la fedha mpaka alfajiri, mnashindwaje kumwamini na ufunguo wa chumba kitupu? Chumba kile kilikuwa kimelala bila mtu, hakikuwaingizia kitu. Kunihamishia humo kungewagharimu kufua shuka mbili.

Mpira wa dirisha huuzwa kwa mita. Fundi awe na kisu na subira, na asipewe utepe. Na kama kweli mmeshindwa, kama mmepiga hesabu mkaona madirisha ya mbele hayafai kutengenezwa mpaka jengo lifanyiwe ukarabati mkubwa, basi semeni wakati wa kuuza: chumba hiki kinatazama reli, kina kelele, na bei yake ni hii pungufu. Wapo watakaokichukua, wanaolala hata kwenye basi. Mimi mngeniokolea namba hamsini, na ninyi mngepata mgeni anayejua alichonunua.

Mlango wa ngazi sitaki kuuombea. Ule fungeni leo.

Fedha zangu sidai. Katika jibu lenu la sentensi sita mliambatanisha kuponi ya punguzo la asilimia kumi kwa mgeni anayerudi, na mkaandika kwamba inaweza kutumiwa hata na rafiki. Mwenzangu wa kibandani, yule wa kuniandikia namba, ana mkutano hapo mwezi ujao na waandaaji wameshamkatia chumba kwenu, ghorofa ya tatu, upande wa mbele. Nimeichapa kuponi yenu kwenye karatasi ngumu nikampa. Nimemwambia hata kama mapokezi wataikataa, asiitupe: ikikunjwa mara nne inaenea sawasawa upande wa kushoto, kiganja kimoja kutoka juu.

Wenu,

Mgeni wa 314